Mkate wa Bure na Jasho la Bure



Lipo neno linalorudiwa mara nyingi katika nyumba zetu, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Husemwa kwamba misaada imewalemaza watu. Kwamba maskini akizoea kupokea, mkono wake husahau jembe. Na kwamba kila mwenye nguvu atakaye msaada wa Serikali au wa Kanisa sharti aonyeshwe kazi kwanza, kisha ndipo apewe. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao ni wazazi waliolea watoto kwa jasho lao wenyewe, nao waona uchungu kumwona kijana mwenye afya ameketi kivulini mchana kutwa. Tena wanaye Mtume Paulo wa kuwatetea, maana yeye ndiye aliyewaagiza Wathesalonike kwamba mtu asiyetaka kazi asitazamie chakula.

Agizo la Mtume ni la kweli, wala hatuna ruhusa ya kulipunguza. Lakini neno la Mungu halikutolewa liwe fimbo ya kumchapia jirani. Kwa hiyo yatupasa tulitazame kwa makini, tukijiuliza swali moja: ni nani aliye na haki ya kumdai maskini kazi kabla ya kumpa mkate, na haki hiyo ina masharti gani?

Tuanze na Paulo mwenyewe. Kule Thesalonike walikuwapo Wakristu walioacha shughuli zao, wakazunguka huku na huko wakijiingiza katika mambo ya watu, na kula kwa gharama ya ndugu zao. Kazi waliijua, na kazi ilikuwapo, ila wao hawakuitaka. Naye Mtume aliyewakemea alikuwa fundi wa mahema, aliyefanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Ndiyo sababu alichagua neno lake kwa uangalifu: alimkemea asiyetaka. Hakumgusa asiyeweza, wala hakumgusa asiyepata. Hawa ni watu watatu mbalimbali, na dhambi yetu kubwa katika jambo hili ni kuwachanganya watatu hao kuwa mmoja, kisha kuwaita wote wavivu.

Anayetaka kumjua huyo wa tatu, yule asiyepata, na aende Kariakoo asubuhi na mapema. Kabla maduka ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo hayajafunguliwa, vijana wamekwisha kusimama wakisubiri malori. Huyu ana mkokoteni wa kukodi, yule ana mabega yake tu. Lori likifika, wanalikimbilia. Anayewahi hupata gunia la kubeba, na anayechelewa husubiri lori jingine, ambalo pengine haliji. Hapana mkataba wala siku ya mapumziko. Na mgongo ukiteguka hapana wa kuuliza habari zake. Wengi wametoka mikoani, wakiacha mashamba ambayo mvua ilikosa au ambayo yamegawanywa kati ya ndugu hata hayatoshi tena. Je, watu hawa hawataki kazi?

Bwana wetu Yesu Kristu aliwajua watu wa namna hii. Katika Injili ya Mtakatifu Matayo alitoa mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka sokoni mara nyingi siku ile ile kutafuta vibarua, hata akatoka tena saa kumi na moja, ambayo ni saa kumi na moja sawasawa na hesabu yetu sisi Waswahili, jua likielekea kuzama. Akawakuta watu wamesimama. Alipowauliza sababu ya kukaa bure, jibu lao lilikuwa kwamba hapana mtu aliyewaajiri. Tazameni basi alivyotenda yule bwana. Hakuwaambia kwamba wao ni wavivu, wala kwamba wangalirauka mapema wangalipata. Aliwaamini, akawapa kazi. Na jioni akawalipa ujira wa kutosha chakula cha siku, maana njaa ya watoto wao haikuwa nusu kwa kuwa wao walifanya kazi nusu.

Sasa tutazame mambo ya nchi yetu. Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria za mifuko ya hifadhi ya jamii. Fao la kujitoa, ambalo lilimwezesha mfanyakazi aliyeacha kazi kuchukua michango yake, liliondolewa, na mahali pake likawekwa fao la kukosa ajira. Kwa mpango huo mwanachama aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, naye akapoteza kazi bila kuiacha kwa hiari yake, aliweza kulipwa theluthi moja ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Wafanyakazi wengi walinung'unika, wakisema fedha ni zao. Wengine waliona kwamba ni jambo jema mtu kushikwa mkono huku akitafuta kazi nyingine, na akiba yake ya uzeeni ibaki salama. Hatutaamua shauri hilo leo. Twataka tu msomaji aone kwamba fao hili lamfaa mwenye mwajiri, mwenye mshahara na mwenye michango. Kuli wa Kariakoo hana hata kimoja katika hivyo vitatu. Kwake yeye kukosa ajira kwaweza kuanza saa nne asubuhi na kwisha saa sita mchana, kisha kuanza tena.

Kwa mafukara wa hali ya chini kabisa nchi yetu ilichukua njia nyingine. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tunaouita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Na mwaka 2012 ulianza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao sehemu yake ya pili ilizinduliwa mwaka 2020. Katika mpango huo kaya iliyoandikishwa ilipewa ruzuku, na wazazi wakatakiwa kuwapeleka watoto shule na kliniki. Tena, penye mtu mzima mwenye nguvu, kaya ilipewa nafasi ya ajira ya muda katika miradi ya jamii: kuchimba malambo, kutengeneza barabara, kupanda miti. Katika sehemu ya kwanza ya mpango, kazi hiyo ilikuwa siku 60 kwa mwaka, yaani siku 15 kwa mwezi katika miezi minne, ikakusudiwa kuangukia msimu ambao ghala huwa tupu. Ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku.

Basi, hao wanaosema mwenye nguvu apewe kazi wasidhani kwamba wamevumbua jambo jipya. Jambo hilo limekwisha kutendeka katika vijiji na mitaa yetu, na wala sisi hatulilaumu. Lambo lililochimbwa na maskini hunywesha ng'ombe wa kijiji kizima, na mama aliyepokea ujira wake hutembea ameinua kichwa. Lakini tufanye hesabu pamoja. Shilingi 2,300 kwa siku 60 ni shilingi 138,000. Ukizigawa kwa siku zote za mwaka, hazifiki shilingi 400 kwa siku kwa nyumba nzima. Ujira huo uliwekwa kwa makusudi chini ya ujira wa kawaida wa kibarua, ili asiye na shida asiitamani nafasi ya maskini. Sababu hiyo ina busara yake. Hata hivyo, mtu asijidanganye kwamba kwa fedha hizo maskini atalemaa kwa raha.

Je, Maandiko Matakatifu yanatufundisha nini juu ya msaada unaopatikana kwa kazi? Yanatufundisha mengi, na mwalimu wetu ni mwanamke mgeni, Ruthu Mmoabu. Sheria ya Musa iliwaagiza wenye mashamba wasivune hata pembeni kabisa, wala wasirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Hayo yalikuwa haki ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Mungu hakuagiza kwamba nafaka ipelekwe nyumbani kwa mwenye nguvu. Alimwachia shambani, naye aende kuiokota. Ruthu alikwenda, akainama tangu asubuhi, na jioni alipoyapura aliyoyaokota akapata kama efa moja ya shayiri. Huo ndio msaada wenye kazi ndani yake, na mwenye kuuagiza ni Mungu mwenyewe.

Lakini tulitazame lile shamba la Boazi vizuri, maana lina mambo matatu ambayo wengi wetu twapenda kuyaruka.

La kwanza, masuke yalikuwapo. Boazi hakumwambia Ruthu aende kuokota mahali palipokwisha kufagiliwa. Aliwaagiza hata watumishi wake wadondoshe mengine kusudi. Anayedai kazi sharti kwanza aiweke kazi hiyo. Kumwambia mtu afanye kazi mahali pasipo na kazi ni sawa na kumtuma kisimani bila ndoo na kumpiga kwa kurudi mikono mitupu.

La pili, Ruthu hakuaibishwa. Boazi aliwaonya vijana wake wasimguse wala wasimkemee. Alimruhusu kunywa maji ya watumishi, na wakati wa chakula akamketisha pamoja na wavunaji, akampa bisi akala akashiba. Ni wangapi kati yetu hutoa msaada kwa namna hiyo? Mara nyingi twawapanga maskini foleni juani, twayasoma majina yao kwa sauti mbele ya watu, twawapiga picha wakiwa wameshika kifurushi cha unga. Kazi wanayopewa ikiwa ni ya kuwafedhehesha tu, hiyo si kazi tena, bali ni adhabu ya kuwa maskini.

La tatu, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote: Naomi alibaki nyumbani. Alikuwa mzee, mjane, aliyefiwa na mume na wanawe wawili. Hapana aliyemwuliza kwa nini haonekani shambani. Naye alikula shayiri ile ile. Katika kila kaya maskini yumo Naomi: bibi anayelea wajukuu yatima, baba aliyepooza, mama mwenye mtoto mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake. Tena tuseme wazi kwamba yule mama anayemwogesha na kumlisha mgonjwa usiku na mchana yuko kazini tayari, hata kama hapana karani aliyemwandika. Sharti la kazi lisilomjua Naomi ni sharti katili.

Yapo mambo ya zamani yanayotuonya tusiyaruke haya matatu. Jina lenyewe la Kariakoo ni ukumbusho. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, mahali pale paliwekwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo midomo ya watu wetu iliigeuza kuwa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Wengi walikuwa wameshikwa kwa nguvu, na ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao kamwe. Soko letu kubwa limejengwa juu ya ukumbusho wa jasho lisilolipwa. Baadaye serikali ya kikoloni iliwakamata watu iliowaita wahuni na kuwarudisha makwao, kana kwamba kukosa kazi ni hatia.

Nasi tulipojitawala hatukuepuka jaribu hilo. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Nia yake haikuwa mbaya: nchi ilikuwa katika shida kubwa, na viongozi walitaka kila mwenye nguvu azalishe. Lakini mjini Dar es Salaam watu wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa na kupelekwa mashambani na vijijini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakiuza vitu vidogo vidogo, wakiwalisha watoto wao kwa kazi ambayo kitabu cha Serikali hakikuijua. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi, maana walikopelekwa hakukuwa na riziki ya kuwashika.

Ni vema pia kukumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililohimiza kazi kwa nguvu zote na kuukemea unyonyaji, halikuwasahau watu wa kuachiliwa. Liliwataja watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema. Tena likawataja wale ambao kwa wakati fulani taifa halikuweza kuwapatia kazi. Hapo waandishi wa Azimio walikaribia sana maana ya Mtakatifu Paulo: asiyetaka ni mmoja, na asiyepata ni mwingine.

Mataifa mengine nayo yamepita njia hizi. Uingereza kwa sheria ya mwaka 1834 iliwafungia maskini katika nyumba za kazi, ambamo maisha yalifanywa kwa makusudi kuwa magumu kuliko ya kibarua wa chini kabisa, ili watu waogope kuomba. Marekani mwaka 1996 ilibadili sheria zake, ikawadai wapokeaji wengi wafanye kazi, na ikaweka kikomo cha miaka mitano kwa msaada wa fedha za serikali kuu. India mwaka 2005 ilichukua njia iliyo tofauti kidogo. Kila nyumba ya shamba ilipewa haki ya kudai siku 100 za kazi kwa mwaka. Na mtu akiomba kazi asipewe katika siku 15, sheria iliidai Serikali imlipe posho. Tuone tofauti iliyopo. Kwingine sharti lilimfunga maskini peke yake, bali sheria ya India iliwafunga wote wawili, mwomba kazi na mwenye kuitoa.

Hilo la mwisho ndilo linalokaribia mafundisho ya Kanisa. Papa Leo wa Kumi na Tatu katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891 alifundisha kwamba ujira wa mfanyakazi hautoshi kuwa wa haki kwa sababu tu ya kukubaliwa naye. Sharti umtoshe kuishi, maana mwenye njaa hukubali lolote. Papa Yohane Paulo wa Pili katika Laborem Exercens ya mwaka 1981 alifundisha kwamba kuwasaidia wasio na kazi ni wajibu unaotokana na haki ya kila mtu ya kuishi, kwa kuwa Mungu aliwapa wanadamu wote mali ya dunia. Kazi ni wajibu wa mtu, ndiyo. Lakini ni haki yake vilevile. Anayelidai la kwanza bila kulilinda la pili ameichana karatasi ya mkataba katikati, akashika kipande chake tu.

Baada ya kusema hayo, hatuwezi kunyamaza mbele ya wenye kupokea. Ewe ndugu mwenye nguvu, kazi ya halali inapopatikana, ichukue, hata ikiwa ndogo. Baba anayechukua ruzuku ya watoto wake na kuimalizia kilabuni amewaibia watoto hao, naye atadaiwa na Mungu. Kijana anayekataa kazi ya mkono kwa sababu amesoma, huku mama yake mzee akimlisha, ajue kwamba Mwana wa Mungu alishika randa na msumeno kule Nazareti. Uvivu ni dhambi, uwe wa maskini au wa tajiri.

Lakini sisi tulio na uwezo kidogo, tunaosema kwa sauti kubwa kwamba maskini asipewe kitu bure, twaulizwa swali zito zaidi. Je, sisi hatutwai kitu bure kwake? Wewe mwenye duka unayemlipa kijana wako posho ya chakula tu mwezi baada ya mwezi, ukimwahidi kwamba biashara ikitengemaa utamkumbuka, unakula jasho la bure. Wewe mwenye mzigo unayepatana na kuli bei moja sokoni, kisha ukafika mlangoni kwako ukampa nusu kwa kuwa hana wa kumshtakia, unakula jasho la bure. Nasi wenye nyumba, yule binti aliyetoka kijijini kutulelea watoto, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, ambaye mshahara wake twaushika “tumtunzie” na siku ya kuondoka twahesabu sahani alizovunja, je, huyo amelipwa? Sheria ya Musa iliagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake wautazamia ujira huo. Na Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana wa majeshi. Anayekataza mkate wa bure asitake jasho la bure.

Tuombe basi, wapenzi wasomaji, lakini tutende pia. Viongozi wa jumuiya zetu ndogo ndogo na kamati za Karitasi wawajue maskini wao kwa majina na kwa hali zao, si kwa orodha tu. Wajue katika kila nyumba nani ni Ruthu na nani ni Naomi. Parokia yenye shamba, karakana au jengo la kujengwa imtafute kwanza aliye mhitaji jirani, imlipe ujira ulio sawa na wa fundi au kibarua mwingine yeyote. Wenye kuandika na kusimamia mipango ya Serikali wazidi kuona kwamba kazi wanayoidai ipo kweli, kwamba malipo hufika kwa wakati, na kwamba mlango haufungwi mbele ya mzee na mgonjwa. Nasi sote tuanze jambo lililo karibu zaidi kuliko yote: jioni hii, kabla ya Rozari ya familia, kila mwenye nyumba ajiulize kama yupo mtu anayemdai ujira. Akiwapo, amlipe kwanza, kisha ndipo apige magoti.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye sikukuu yake Papa Pio wa Kumi na Mbili aliiweka mwaka 1955 tarehe 1 Mei ili kazi ya mikono ipate heshima yake mbele ya Mungu, awaombee wote wanaosimama sokoni wakingoja kuitwa, na atuombee sisi tulio na uwezo wa kuwaita.